Duka la gesi pale Mbuyuni, Moshi: anayefunga sio anayehakikisha

Habarini wote, hasa wapishi wenzangu wa Mlima Kilimanjaro na nyie wenye vibanda vya chakula hapa mjini. Hili duka nabadilishia mitungi huu ni msimu wa pili sasa na siku zote nasema ntaandika ntaandika, leo nimeamua kwa sababu juzi pale geti la Machame nimemsikia mpishi mmoja anawaambia vijana eti gesi ni gesi tu, chukua popote penye bei ya chini. Hapana jamani. Sio popote.

Duka lenyewe liko ukitoka stendi kuu unaelekea soko la Mbuyuni, mlango wa bluu, mitungi iko nje ndani ya kizimba cha nondo, kivulini, yote imesimama, hakuna hata mmoja uliolazwa. Anaendesha mama mmoja mtu mzima na kijana wake. Ndani kuna mzani, meza ya chuma, ndoo ya povu la sabuni na sponji, na ukutani saa kubwa ambayo ntawaambia kazi yake.

Ukifika na mtungi mtupu dogo anakutolea uliojaa, anakuonyesha lakiri haijakatwa, anauweka kwenye mzani mbele ya macho yako. Pale kwenye kola ya mtungi kuna namba imegongwa, hio ni uzito wa chuma kitupu, unajumlisha 6 kama ni mtungi wa kilo 6, namba ikigoma anarudisha anatoa mwingine bila maneno. Mzani dukani ni haki yako ujue, ukienda duka la gesi ukakuta hakuna mzani uliza. Alafu anakata lakiri na kumulika mdomo wa mtungi kwa tochi, anaipitisha kidole ile raba nyeusi ya duara, kama imekauka au ina ufa anaitoa anaweka mpya, shilingi mia tano. Sasa hapa ndo wengi wanapokasirika: anakuambia lete regulata yako, mpira wako na jiko lako. Yaani ubebe vyote uje navyo. Mara ya kwanza nilinuna kweli, nimeacha vitu kambini kwa bosi kule Shanty Town, nikarudi kuvifuata na bodaboda. Leo nashukuru.

Maana anachofanya ni hiki. Anafunga kila kitu kama utakavyofunga wewe jikoni, anaweka geji ya kupima presha kati ya regulata na jiko, anafungua mtungi mpaka mshale unapanda, alafu anaufunga mtungi. Mnakaa. Dakika tano kwa ile saa ya ukutani, hakuna kuongea na simu, hakuna kuwasha kitu, macho kwenye mshale tu. Ukishuka hata kidogo kuna mahali panavuja na hamtoki hapo mpaka paonekane. Mshale ukisimama palepale unadhani mmemaliza, lakini mama anakuja kutoka ndani, hamuulizi kijana wake chochote, anafungua gesi tena, anachukua sponji yake anaanza upya, povu kwenye shingo ya mtungi, povu kwenye nati ya regulata, povu kwenye kila klipu, anainama anaangalia. Akiridhika anatoa chupa ya rangi ya kucha nyekundu mfukoni na kuchora kamstari kadogo kanakopita juu ya klipu mpaka kwenye chuma, na kwenye nati ya jiko pia. Siku ukiona mstari umekatika, upande mmoja umeachana na mwenzake, ujue kitu kimezunguka kimelegea. Basi. Kitu cha rangi ya kucha, lakini ntawaambia kwa nini kinanipa usingizi mlimani.

Mwaka juzi, kabla sijalijua hili duka, tulikua kambi ya Barranco, karibu mita 4,000, mwezi wa saba, mnaijua baridi ya kule usiku. Wageni wameshakula, wameshalala, nimebaki mimi na weita tunaosha vyombo na wagumu (wapagazi) wanne wameshajilaza palepale kwenye tenti la jiko kwa sababu ndo lina joto. Mimi nilikua na mafua makali, pua imeziba kabisa. Weita akaniambia kaka nasikia gesi, nikamwambia ni mtungi umeisha tu, akasema hapana kaka, inatoka chini, nikiinama inazidi. Nikashika valvu nikafunga, tukainua pande zote za tenti, tukawaamsha wale vijana wakatoka na mablanketi yao, mtungi nikautoa nje mbali kwa mikono yangu, na pale nje nikamkuta kijana wa kampuni nyingine ameshika sigara hatua kama kumi tu. Nilimfokea, baadae nikamuomba radhi, hakua na kosa lolote.

Asubuhi nikafungua regulata nikakuta ile raba ya mdomoni imekua ngumu kama gome la mti na ina ufa wa kuingia ukucha. Ule mtungi nilikua nimeuchukua duka moja hapa mjini, sitalitaja, wakanipa wakapokea hela wakasema safari njema. Mtungi ulikaa juani Moshi siku mbili, ukapanda kwenye baridi siku tatu, raba ikasinyaa, na hakuna aliekua ameiangalia tangu mwanzo, na mimi mpishi mwenyewe miaka yote hio nlikua nategemea pua.

Sasa kwenye lile kundi kulikua na mgeni mmoja mzee wa Norway, fundi wa vituo vya kujazia magari ya haidrojeni. Asubuhi aliposikia kilichotokea hakulalamika, alikuja tenti la jiko akaomba aone ile raba. Akaigeuzageuza mkononi, akakaa kwenye ndoo, na tukiwa tunasubiri maji ya chai akaanza kuongea, kiongozi wetu akisaidia kutafsiri. Mambo aliyosema yule mzee ndo yamenifanya nijue kuchagua duka la gesi, kwaiyo nivumilieni kidogo.

Alisema kwao gari linajazwa haidrojeni kwa presha ya bari 700. Tairi ya lori ni kama 8, mkae mfikirie. Na ile gesi ikiingia kwa kasi tangi la gari linapata joto, kwaiyo wanaipoza kwanza mpaka chini ya sifuri digrii kama 40 ndo wanaisukuma. Kwaiyo raba zao pale kwenye mdomo wa mpira zinapigwa presha na baridi kwa wakati mmoja, kila gari linalokuja, kutwa nzima. Akanyanyua raba yangu akasema hii imekufa kwa ugonjwa uleule unaonisumbua mimi kazini. Hapo nikakaa sawa nikaanza kusikiliza.

Alafu akaniuliza, kwenye hili tenti gesi ikivuja inaenda wapi? Nikasema chini, weita alisikia chini. Akasema ndio, gesi yenu ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kama maji inatafuta shimo. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, inaruka juu, ndo maana vituo vyao paa wanaliacha wazi au wanalijenga isipate pembe ya kujikusanya, na vile vifaa vya kunusa gesi wanavifunga juu. Sisi ni kinyume. Na chini pale kwangu kulikua na nini? Wagumu wanne wamelala. Sijawahi kulisahau hilo, hata sasa naandika mwili unasisimka.

Kitu kingine, gesi yetu kiwandani inatiwa dawa ya harufu, ile harufu ya kitunguu kilichooza ni ya kuwekwa, gesi yenyewe hainuki. Haidrojeni hawaitii harufu kwa sababu ingeharibu kile kifaa cha ndani ya gari kinachoigeuza kuwa umeme. Kwaiyo wale hawana pua kabisa. Na ikiwaka moto wake mchana karibu hauonekani. Na inawaka hewani ikiwa kidogo, asilimia 4, na bado inawaka ikifika 75, wakati ya kwetu ni kama kuanzia 2 mpaka 10 hivi, na cheche inayoiwasha ni ndogo kama mara kumi kuliko inayowasha gesi ya jikoni. Sasa mtu wa kazi hio anaishije? Akasema tunaishi kwa kupima kabla, sio kwa kunusa baada. Pampu yao kabla ya kujaza gari inasukuma presha kidogo kwenye mpira, inasimama, inajisikiliza sekunde kadhaa kama presha inashuka, ikishuka haijazi. Katikati ya kujaza inaweza kusimama ikapima tena. Na mpira una kiungo ambacho dereva akisahau akaondoka nao kinakatika chenyewe na kujifunga pande zote mbili.

Nikamwambia mzee, mimi nlikua na pua nikaitegemea, na pua yenyewe ilikua na mafua. Yeye akanijibu na habari ya Kjørbo.

Hio ni sehemu kule Sandvika, karibu na Oslo, kulikua na kituo cha haidrojeni na tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2019 kililipuka. Mshindo ulikua mkubwa mpaka mifuko ya hewa ya magari yaliyokua karibu ikafumuka, watu wawili wakapelekwa hospitali kwa sababu ya hio mifuko. Toyota na Hyundai wakasimamisha kuuza magari ya haidrojeni Norway kwa muda. Watu wakajua labda chuma kilikua kibovu, labda hii gesi haifai binadamu. Uchunguzi ulipotoka, ile kampuni ya Nel iliyotengeneza mitambo ikasema wenyewe chanzo: kwenye tangi moja la presha kubwa kuna kizibo, na bolti za ndani za kile kizibo hazikukazwa inavyotakiwa wakati wa kuunganisha. Gesi ikapenya taratibu, ikachanganyika na hewa, ikawaka. Bolti! Mtambo wa mamilioni. Na walichofanya baadae ndo yule mzee alikua anataka nikisikie. Walikagua na kukaza upya vizibo vya mitambo ya aina hio, wakaweka utaratibu kwamba anayekaza anashuhudiwa na mtu wa pili, inaandikwa, na inawekwa alama. Wakaongeza kupima uvujaji mara kwa mara zaidi. Hata kokoto chini ya mitambo wakasema ziondolewe, pawe na sakafu laini.

Sasa mnaelewa kwa nini siku nimefika hapa Mbuyuni mara ya kwanza, nikamuona dogo amefunga na geji imesimama vizuri kabisa, alafu mama anakuja kuanza upya na povu lake kama vile hakuna kilichofanyika, mwishoni anatoa rangi ya kucha, mimi nilisimama pale machozi yananilenga. Nikamuuliza mama nani alikufundisha hivi? Akasema baba, mimi na huyu kijana tunakula kwa gesi, yeye akifunga mimi siwezi kulala mpaka nimeona, na mimi nikifunga yeye ndo anaangalia. Rangi ya kucha alianza kuweka kwa ajili ya mama ntilie mmoja aliekua haamini macho yake akiwa amechoka, akamwambia basi nikuchoree, uwe unaangalia mstari tu. Hajawahi kusikia habari za Norway, nilimuhadithia mimi, akasema kumbe na wao.

Ushauri wake mwingine nimeutumia na umefanya kazi. Mtungi usifungwe regulata ukiwa unabebwa, toa, weka kifuniko (anakupa bure), na pale kambini ukifunga upya unapaka povu kila mara kwa sababu kile kiungo ndo hakina mstari wa rangi, kinafungwa kila siku. Nabeba kichupa cha sabuni ya vyombo kwenye sanduku la viungo. Usijaribu uvujaji kwa kiberiti, nimeona wazee wakifanya hivo na macho yangu. Mgumu akiubeba umelala kwenye begi, ukifika usimamishe uuache utulie kwanza, maana ukilala ile gesi ikiwa bado majimaji inakaa mdomoni na ukifungua inaingia kwenye regulata. Na mpira ukunje kwa mkono uangalie kama una mipasuko, angalia tarehe iliyochapwa ubavuni, na klipu iwe klipu, sio waya wa kufungia nondo.

Halafu lile tatizo letu la kambi ya Barafu, unatikisa mtungi unasikia gesi ipo lakini moto haupandi. Mama alinieleza vizuri kuliko mtu yeyote: ndani ni mchanganyiko, kuna propani na butani, propani inatoka hata kwenye baridi kali lakini butani ikikaribia sifuri inagoma kugeuka hewa, kwaiyo unavyopika propani inatangulia na chini inabaki ile mvivu. Wapo wanaomwagia mtungi maji yanayochemka au kuusogeza kwenye moto. Msifanye jamani, nawaomba. Mimi sasa naenda na mitungi miwili ya kilo 6, natumia kwa zamu, mmoja ukipoa sana naufunga nauacha urudi, na naisimamisha juu ya ubao sio kwenye udongo ulioganda. Kwa mgumu ni sawa pia, mtungi wa kilo 6 na chuma chake hauvuki kilo 20 anazoruhusiwa kubeba, wa kilo 15 ukijaa unavuka mbali.

Nilinunua pia kwao kengele ndogo ya kunusa gesi, ya betri. Dogo alinisisitiza iwekwe chini, kiganja kimoja au viwili kutoka ardhini, sio ning'inize juu kwenye nguzo ya tenti. Ilishalia mara moja, kambi ya Shira, kijana alikua ameigusa nobu ya jiko kwa goti, tukafunga mara moja. Shida ni betri, baridi inaimaliza haraka, mchana nakaa nayo ndani ya jaketi na usiku ndo naitoa. Na haitambui ile hewa mbaya inayotoka jiko likiwaka kwenye tenti lililofungwa, hio haina harufu na inaua, kwaiyo mlango wa tenti uachwe wazi hata baridi iwe vipi.

Mapungufu yapo na mama nimeshamwambia. Foleni, hasa mwezi wa sita mpaka wa kumi, kila mteja akipimwa mara mbili, geji dakika tano alafu povu, na mpo kumi mmeshakaa asubuhi nzima, na geji iko moja tu, inatakiwa ya pili. Jumapili wanafungua mchana baada ya ibada. Mitungi ya kilo 38 hawaweki, wenye hoteli mtaenda kwingine. Hawapeleki mzigo mageti, sio Machame sio Marangu, unabeba mwenyewe. Na gesi yao imezidi kama buku hivi kuliko ya barabarani, lakini kupima ni bure, mpira mpya na klipu zake mbili nimelipa elfu kumi na mbili na nimefungiwa. Kwa wa majumbani wenye mtungi wa kilo 15, waulizeni zile regulata zinazojifunga zenyewe mpira ukichomoka, zinakuja kwa msimu na zinaisha haraka.

Kikundi changu kinapanda tena Jumanne ijayo kwa njia ya Lemosho, kwaiyo Jumatatu saa moja kasoro ntakua pale mlangoni na regulata yangu, mpira na jiko. Mnaokuja njooni na vyenu, kamili, msinifanye nisubiri mtu amerudi Shanty Town kufuata jiko.